Taa Nne za Sefania

Sefania alistaafu Dar es Salaam akarudi kwao Malindi, ile ya milima ya Lushoto, na vitu vitatu: pensheni, kisukari kidogo, na gari, Pijo 404 la mwaka 1967. Pensheni ilimfanya asalimiwe, kisukari kilimfanya aulizwe hali, lakini Pijo ndilo lililomfanya ajione mtu. Alilinunua kwa mjane mmoja wa Temeke aliyekuwa akifugia kuku ndani yake, akalihangaikia miaka minne mpaka likarudisha weupe wake. Siku ya kuhama, Pijo lilipanda milima juu ya lori, limevikwa mablanketi mapya. Mkewe Yudith alibanwa mbele pembeni ya dereva, sufuria mapajani, na blanketi hakupewa.

Sasa Malindi ni mahali pa kabichi, viazi na karoti, na gari huko ni kitu cha kupakia. Ukiwa na gari, hata liwe bovu, utaombwa lishushe magunia, lipeleke mgonjwa, lirudishe maiti, na anayeomba haoni haya kwa sababu kesho zamu itakuwa yake. Sefania aliyaona hayo kuwa mambo ya kishamba. "Hili si gari la mizigo," aliwaambia watu. "Hili ni gari la kumbukumbu." Kumbukumbu ya nani, hakusema. Mama yake, Bibi Jenoveva, alisema kwa niaba yake: enzi hizo, Sefania akiwa mdogo, meneja mmoja wa shamba la chai alikuwa na gari kama hilo hilo, na masika moja aliwapita pale Magamba akawaogesha tope mama na mwana. Mama alibaki na hasira. Mwana alibaki na mapenzi.

Kijijini kuna chama cha kufa na kuzikana. Mwenyekiti wake ni Mzee Issa, mtu mfupi, mpole, asiyepaza sauti hata akiwa anakutukana. Waislamu na Walutheri wamo humo humo, maana kaburi kwenye mteremko wa mlima halichimbwi na dini moja. Sheria ni chache. Mtu akifa unafika, unachimba au unapika, unatia udongo, unakaa matanga. Ukikosa misiba mitatu bila sababu, nyumba yako inafutwa, na ikifutwa imefutwa na wote waliomo. Hata akifia humo malaika, mtajua wenyewe pa kumweka.

Sefania alikuwa amekosa misiba minne. Huo wa nne ndio uliouma watu. Alifariki Mwalimu Nikodemo, aliyemfundisha Sefania huyo huyo a, e, i, o, u, akafia hospitalini. Mzee Issa alikuja kuomba Pijo limrudishe marehemu nyumbani. Sefania alimpa kiti, akampa chai, akamweleza kwa adabu zote habari za springi za nyuma. Mwalimu Nikodemo akarudi kwake juu ya Canter ya kabichi, na saa anateremshwa kaburini, mwanafunzi wake alikuwa uani anaipaka bampa nta.

Matanga yalipokwisha Mzee Issa alirudi. Safari hii hakukaa wala hakutaka chai.

"Shikamoo, Mzee Issa," alisema Sefania.

"Marahaba. Sefania, Jumapili ya wiki ijayo kamati inakaa. Nyumba yako iko mezani. Nimekuja kukwambia mapema usije ukasema umesikia barabarani."

Sefania alisema sawa, kama mtu aliyeambiwa umeme utakatika. Aliyelia ni mama yake. Bibi Jenoveva alikuwa na miaka themanini na nane na aliishi kwenye chumba cha nyuma kwa mwanawe huyo.

"Nimepika misiba ya kijiji hiki tangu sijaota mvi," alisema. "Nimeosha wanawake ambao leo hata majina yao siyakumbuki. Halafu mimi nizikwe na nani? Wewe kichwani, Yudith miguuni?"

"Mama, hufi leo."

"Ningekufa leo ningekuwa na bahati. Leo jina bado lipo."

Alimshika mkono mwanawe, akamwomba jambo moja tu: aende kwa Mzee Issa, aseme amekosa, aombe msamaha kabla ya Jumapili. Bibi huyu hakuogopa kufa. Aliogopa kuzikwa haraka haraka na watu wawili kama kuku aliyekufa kwa ugonjwa wa kideri. Sefania akaahidi. Akasahau. Kichwani alikuwa na jambo zito zaidi.

Jambo lenyewe ni hili. Siku moja kabla ya kikao hicho, Jumamosi, wenye magari ya kale wa Dar es Salaam walikuwa wanapanda Lushoto na magari yao kwa maonyesho, na Sefania alikuwa mwenzao kwa njia ya simu. Alirusha picha ya Pijo kwenye kundi lao la WhatsApp, akangoja sifa. Zilikuja, kisha akatokea bwana mmoja, Faraji, akaandika: "Zuri, mkuu, ila uso uko mtupu. Pijo la enzi zile bila taa za ziada mbele ni sawa na mzee wa kanisa bila koti." Watu kumi na saba wakacheka kwa vikatuni.

Siku mbili Sefania hakula vizuri. Siku ya tatu akaziona taa simuni: nne, za duara, zimezungushiwa chuma cha kung'aa, vioo vya njano, mbili kubwa za kumulika mbali na mbili ndogo za ukungu, mtindo wa miaka ya sitini. Kwamba zilitengenezwa mwaka jana liliandikwa kwenye boksi tu, na boksi utalitupa. Akaagiza zishushwe Mombo, chini ya milima, kwenye gereji ya fundi Hashimu.

Wiki hizo hizo Bibi Jenoveva naye alikuwa huko huko chini. Alipelekwa hospitali kutolewa mtoto wa jicho, kisha akapumzika Mombo kwa binti yake Scholastica. Basi Alhamisi alfajiri, siku mbili kabla ya maonyesho, Sefania akamuaga Yudith: "Nakwenda kufunga taa na kumchukua mama." Kwa mpangilio huo huo.

Hashimu ni fundi wa siku nyingi, mkono wake mwepesi na uvumilivu wake mrefu. Alivihitaji vyote siku ile. Kwanza alitaka kutoboa bampa ili taa zikae. Sefania akakataa, bampa ile ni ya kiwandani. Hashimu akazibana kwa vibano. Halafu akauliza swichi itakaa wapi.

"Natoboa hapa kwenye dashibodi, mzee. Tundu dogo tu, la kuingia kidole."

"Utoboe dashibodi hii?" Sefania aliishika kwa mikono miwili. "Hashimu, bora unitoboe mimi."

"Basi niitundike chini ya usukani."

"Swichi yenyewe ipi? Hiyo ya plastiki? Ya bodaboda?" Sefania alicheka kwa uchungu. "Swichi ya enzi zile nimeagiza, ya kuvuta. Iko njiani."

Hashimu alifuta mikono kwa tambara, polepole. "Basi mpaka ifike nitaziunga kwenye ufunguo. Ukiwasha gari, zinawaka. Ukizima gari, zinazimika. Katikati ya hapo hakuna."

"Yaani zitawaka njia nzima?"

"Njia nzima. Na usikimbize, mzee. Kwa kuwa sikutoboa, zimebanwa tu. Ukizidisha ishirini, utaziokota Soni."

Sefania hakuona ubaya wowote. Taa isiyowaka ina faida gani?

Hapa inabidi tusimame kidogo kwa faida ya msomaji wa mbali. Katika milima yetu, gari likipanda mchana kweupe, taa zinawaka, mwendo wa kinyonga, limebeba maiti. Hakuna anayehitaji kuambiwa. Magari yanayoshuka yanajibana pembeni, wanaume wanavua kofia, wenye mizigo kichwani wanaitua, watoto wanaambiwa kimya. Sefania alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini misiba ilikuwa imemtoka kichwani siku nyingi, na anayejitazama sana haoni barabara.

Akampitia mama yake kwa Scholastica. Bibi alitoka na pamba nyeupe kwenye jicho moja, upande mmoja wa uso umevimba bado. Sefania alimwamkia, kisha kabla hajamfungulia mlango akatandika shuka jeupe kwenye kiti cha nyuma.

"Mafuta yako ya nazi, mama. Yakiingia kwenye ngozi ya kiti hayatoki."

Mama alimtazama kwa jicho lililobaki, akapanda. Kona za kupanda Soni zilikuwa zinamtapisha tangu zamani, na dawa yake ilikuwa moja tu, kulala asione bonde. Akajinyoosha, akalivuta lile shuka akajifunika mpaka utosini, na vidonge vya hospitali vikamchukua.

Hivyo ndivyo walivyoanza kupanda: taa nne za njano mbele, bibi kizee chini ya shuka jeupe nyuma, mwendo ishirini, saa nne asubuhi.

Wa kwanza kukutana nao alikuwa dereva wa lori la kabichi. Alijibana ukingoni mpaka tairi likagusa majani, akazima redio, akavua kofia. Sefania alimwinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama waziri. Mbele kidogo mafundi wa barabara waliweka chini machepe yao, wakasimama mstari. "Watu wa barabara wanajua gari," Sefania alijisemea. Pale Soni trafiki aliyesimamisha mabasi mawili aliyaacha, akazuia magari yote kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akapiga saluti. Machozi yalimlenga Sefania. Miaka thelathini na moja serikalini hakuna mtu aliyewahi kumpigia saluti, hata kwa makosa.

Raha ikimzidi mtu hutaka ushahidi. Sefania akaegesha kando ya akina mama wauza matunda, akaacha injini inanguruma ili taa zisizime, akashuka na simu. Alipiga picha Pijo kutoka mbele, akapiga goti, akapiga tena. Kisha akajipiga mwenyewe, kiwiko juu ya boneti, meno yote nje.

"Maskini," alisema mmoja wa akina mama wale. "Msiba umemchanganya akili."

"Si yule mwenye Pijo wa Malindi?" alijibu jirani yake, Halima. "Mama yake si ndiye aliyepelekwa hospitali juzi?"

Halima alisogelea dirisha la nyuma kwa heshima. Akaona shuka. Akaona nyayo mbili kavu za bibi kizee zimechomoza mwisho wa shuka. Alifunga mdomo kwa upindo wa kanga, akachukua matunda kwenye beseni lake, akampa Sefania bila kutaka senti. "Pole sana, baba."

"Asante, mama," alisema Sefania, ambaye aliona ni haki yake. Akang'ata tunda, akaondoka.

Halima ana dada aliyeolewa Malindi, na simu haipiti kona. Sefania hajaingiza gia ya pili, Malindi walishajua kwamba Bibi Jenoveva amefariki, kwamba mwanawe anampandisha mwenyewe kwenye lile Pijo alilomnyima Mwalimu Nikodemo, na kwamba njiani anapiga picha na maiti huku anacheka.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Sefania alijitembeza. Lushoto mjini aliegesha panapoonekana, injini bado inanguruma, akanywa chai ya maziwa na chapati mbili, akaoshesha gari vumbi, akazunguka mji mara mbili. Watu walimpisha, wakainamisha vichwa. Hakuna aliyesogea kuuliza habari za taa, jambo lililomshangaza kidogo, akaamua kwamba wamepigwa na butwaa. Simu ilionyesha kwamba Yudith amempigia mara kumi na moja. Anataka mafuta ya kupikia, aliwaza, akairudisha mfukoni. Bibi alikuwa anakoroma kidogo kidogo, lakini ngurumo ya Pijo ilimfunika.

Waliingia Malindi saa nane mchana, ukungu umeanza kushuka kutoka msituni, na taa za njano zikaukata vizuri kweli. Tusiwe wachoyo wa ukweli. Kwenye kona ya mwisho Sefania aliiona nyumba yake imejaa watu. Turubai limefungwa, mabenchi yamepangwa, masufuria makubwa yako juu ya mawe, moshi unapanda. Mchungaji yumo, Mzee Issa yumo, kwaya yote imo. Watu mia mbili hawapungui.

Msomaji, mtu mwenye akili timamu angeuliza kuna nini. Sefania aliwaza kwamba picha zimewafikia. Aliwaza kwamba hatimaye kijiji kimeelewa. Akanyoosha kola ya shati, akapiga honi. Akaipiga mara tatu.

Kilio kilichopasuka pale kilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Yudith alikuja mbio, kanga inamdondoka, akampita mumewe kama anapita nguzo, akafungua mlango wa nyuma, akajitupa juu ya mkwewe.

"Yudith," lilisema shuka, "unaniponda jicho."

Waliokimbia kwanza ni kwaya. Sauti ya tatu ilipita kwenye ua wa michongoma bila kutafuta lango. Mabenchi matatu yalivunjika, sufuria moja ya maharage ikaenda chini, na Mchungaji, mwenye joho lake mkononi, akasema Bwana asifiwe kwa sauti ya mtu anayeulizia njia. Ilipita dakika nzima kabla mtu hajarudi, kisha wakarudi wote, wamebanana, wanachungulia. Bibi Jenoveva alikuwa ameketi kwenye kiti, shuka mabegani, anauliza nani amekufa.

Walipomweleza hakukasirika. Alizungusha jicho lake moja kwenye umati ule, mama mmoja baada ya mwingine, wazee, vijana walioacha mashamba, na uso wake ukalainika kwa furaha ambayo hakuificha.

"Wote hawa kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako, mama," alisema Mzee Issa. Kisha, kwa sauti ile ile ya upole, Sefania amesimama hatua mbili kutoka kwake, akaongeza: "Tulikubaliana njiani. Ingekuwa ni huyu, tungebaki mashambani."

Hakuna aliyepinga. Hata Yudith alijifanya anajifunga kanga. Sefania alitabasamu akidhani ni utani, akatafuta uso mmoja wa kucheka naye, asiupate. Akaingiwa na hofu. Alikuwa amezoea kuogopa kutu tu.

Wakati huo vijana wanne walitokea nyuma ya nyumba, matope mpaka magotini. Walikuwa kule chini na hawakuwa wamesikia lolote.

"Mzee Issa," alisema mmoja, "kaburi tayari."

Vicheko vilivyokuwa vimeanza vikakatika. Kaburi lililochimbwa haliachwi wazi. Kila mtu pale alilijua hilo tangu utoto: shimo lililoahidiwa mtu litamdai mtu, na litaanza na nyumba iliyolichimbisha. Lazima kizikwe kitu humo. Kawaida hukatwa mgomba, ukafungwa, ukazikwa kama mtu. Mchungaji akakumbuka kwamba ana kikao mahali fulani. Mzee mmoja akaagiza panga, akaelekea kwenye migomba ya Bibi.

"Wewe! Acha mgomba wangu," alisema Bibi Jenoveva. "Mgomba una kosa gani? Mgomba unalisha watu." Akaugeukia umati. "Nani aliwaambia nimekufa?"

Watu walitazamana, kisha vidole vikaanza kunyooka, kimoja kimoja, vyote upande mmoja. Pijo lilikuwa bado linanguruma langoni. Kwa raha ya mapokezi Sefania alisahau kulizima. Taa nne za njano zilikuwa zinawakodolea macho waombolezaji.

"Basi aliyesema uongo ndiye azikwe," alisema Bibi.

Sefania alicheka. Alicheka peke yake.

"Mama, hizi taa ni za Jumamosi. Kuna maonyesho. Kuna watu wanatoka Dar."

"Na hawa wametoka wapi?"

Mzee Issa alikohoa. "Mimi niseme langu. Watu wameacha kazi, wamechimba, wamepika. Sefania hajawahi kutia udongo kwenye kaburi lolote la kijiji hiki. Leo akizika kwa mkono wake, nimemwona anazika, na Jumapili nitasimama niseme nimemwona. Nyumba itabaki na mama atabaki. Asipozika, tutafukia mgomba, na Jumapili tusilaumiane."

Bibi Jenoveva alimtazama mwanawe tu, na kila aliyekuwepo aliona jinsi vidole vyake vilivyoanza kulikunja shuka.

Mtu mwingine angekuwa ameshashika spana. Sefania alianza kupatana bei.

"Nizike mbili," alisema. "Hizi ndogo za chini."

"Mimi ungenizika nusu?" aliuliza mama yake.

"Basi nizike maboksi yake. Na vifuniko. Vifuniko ni vya ngozi kabisa, mama."

Mtu alipiga ukelele wa kicheko huko nyuma, akazibwa mdomo.

"Hadi Jumatatu, basi, Mzee Issa. Maonyesho yakiisha tu, nazileta mwenyewe."

"Kaburi halingoji maonyesho," alisema Mzee Issa. Akamgeukia yule mwenye panga. "Kata mgomba."

Panga lilipoinuka, Bibi Jenoveva alifumba jicho lake zima. Hakulia. Alifanya kitu kibaya zaidi, alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubali bei ndogo ya mazao yake kwa sababu jua linazama na mnunuzi ni mmoja. Hilo Sefania aliliona. Pengine lilikuwa jambo la kwanza analoliona siku nzima.

"Ngojeni," alisema.

Alizima gari, na taa zikazimika. Akatoa spana chini ya kiti. Kwa kuwa hakutaka bampa itobolewe, kazi ilikuwa nyepesi, vibano vinane tu, na watu mia mbili wanamwangalia mgongo. Mama yake akavua shuka mabegani, akampa. Sefania alizifunga taa zote nne ndani yake, akazibeba kifuani mpaka nyuma ya nyumba, umati unamfuata. Njiani mmoja wa kwaya alianzisha wimbo wa maziko, kwa mzaha, lakini nyimbo zile hazijui mzaha na wenzake wakaupokea kwa sauti zote nne.

Alizishusha mwenyewe. Kijana akampa chepe. Udongo wa kwanza ulipogonga kioo chini kule, kililia, na Sefania naye akalia.

Alilia hasa. Hakulia kama bwana mkubwa anayefuta kona ya jicho kwa leso. Alilia kwa mabega, kwa makamasi, anatia chepe na kulia, anatia na kulia, mpaka akina mama waliokuwa wamenyamaza wakaona vibaya wakamsaidia kulia. Mzee mmoja alimpiga piga mgongoni, akamwambia ajikaze, yeye ni mwanamume. Mwingine akampokea chepe. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, watu wa Malindi walimwambia Sefania pole, na walimaanisha.

"Amezika," alisema Mzee Issa. "Mimi nimeona."

Bibi Jenoveva alikuwa amesogezewa kiti ukingoni. Nyumba yake ilikuwa imebaki, kaburi lake lilikuwa limepata wachimbaji, alikuwa amepata alichokiomba. Alimwangalia mwanawe muda mrefu, akamwona anapiga goti kusawazisha tuta kwa viganja, polepole, machozi yanaingia kwenye udongo.

"Nilipofika hapa nimekufa," alimwambia Yudith, "huyu alipiga honi."

Yudith alimfunika mabega kwa upande wa kanga yake.

"Siku yangu ikifika kweli, mnizike hapa hapa pembeni ya tuta hili," alisema Bibi. "Akija kuzililia taa zake, huenda na mimi nikapata chozi."